Listi ya Vikorombwezo Si Uhakiki

Kila konsoli mpya ya gemu inapokaribia kutoka, hata kabla boksi moja halijafunguliwa, mtandao unajaa maandishi ya aina moja: "Vitu 10 vya lazima kwa konsoli yako mpya." Ukifungua unakuta picha, bei, kiungo cha dukani na sentensi mbili za sifa chini ya kila picha. Memori kadi, lazima. Pedi ya ziada, lazima. Kamera, lazima. Kava, protekta ya kioo, hedifoni, usukani wa plastiki, vyote lazima. Na juu ya ukurasa wameandika, bila aibu, "Uhakiki".

Mimi nasema huo si uhakiki. Ni kipeperushi cha duka kilichovaa joho la mhakiki. Na sisi tunaopenda fasihi tulipaswa kuwa wa kwanza kulivua joho hilo, maana kazi ya uhakiki tunaijua. Hebu fikiria mtu anahakiki riwaya mpya. Aya ya kwanza anakushauri ununue taa ya kusomea. Ya pili, kialamisho cha ngozi. Ya tatu, rafu ya mninga. Halafu anakutakia usomaji mwema, kwaheri. Riwaya yenyewe? Hata jina la mhusika mmoja hajalitaja. Ndugu huyo utamwambia nini? Utamwambia hajahakiki kitabu, amehakiki meza ya muuza vitabu. Lakini zikija gemu, ambazo siku hizi zina masimulizi marefu kuliko riwaya nyingi, tunasoma listi kimya kimya na kuingiza mkono mfukoni.

Tusiongee hewani, tuchukue mashine moja. Nintendo Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Nchini Marekani ilitangazwa kwa dola 449.99. Ndani ya boksi kuna mashine yenyewe, pedi mbili ndogo za Joy-Con 2, kishikio cha kuziunganisha, kituo cha kuunganishia runinga, waya wa HDMI, adapta ya umeme na waya wa kuchaji. Yaani ukifika nyumbani jioni, usiku huohuo unacheza. Hakuna kinachopungua isipokuwa gemu.

Sasa njoo kwenye listi. Kwa bei zilizotangazwa Marekani kabla ya uzinduzi: Pro Controller dola 84.99. Jozi nyingine ya Joy-Con 2, dola 94.99. Kamera, 54.99. Kishikio kinachochaji, 39.99. Kava la kubebea pamoja na protekta, 39.99. Usukani wa plastiki, jozi moja, 24.99. Memori kadi ya GB 256, 59.99. Jumlisha: dola 399.93. Umebakiza dola 50 tu ununue mashine ya pili! Na bado hujanunua gemu hata moja. Juu ya hapo weka usafiri na ushuru mpaka ifike Dar es Salaam au Nairobi, ndipo utajua kwamba neno "lazima" lina gharama.

Tuvipitie kimoja kimoja, maana hasira bila hoja ni kelele.

Kishikio kinachochaji. Kile kilichomo kwenye boksi hakichaji. Cha kuchaji kinauzwa peke yake. Lakini Joy-Con zinajichaji zenyewe ukizirudisha kwenye mashine iliyoko kwenye chaji. Unalipa karibu dola 40 ili usinyooshe mkono.

Usukani. Ni ganda la plastiki unalopachika Joy-Con katikati. Hakina waya, hakina betri, hakina chochote ndani. Gari kwenye Mario Kart World haliendi kasi zaidi kwa sababu umeshika duara.

Kamera. Mazungumzo ya GameChat yanaenda bila kamera, maikrofoni imo ndani ya mashine. Kamera ni ya kuonana sura. Kama rafiki zako hawana mashine hiyo, utamwonyesha nani sura?

Memori kadi. Hapa listi nyingi zinaudhi zaidi, kwa sababu zinasema "nunua kadi" bila kusema kadi ipi. Switch 2 haihifadhi gemu kwenye microSD ya kawaida kama ile ya simu. Inataka aina inayoitwa microSD Express. Kadi ya zamani itakusaidia kuhamisha picha na video, basi. Na hata hiyo sahihi, unaihitaji lini? Mashine ina GB 256, sehemu yake ikitumiwa na mfumo wenyewe. Jibu linategemea gemu unazonunua. Cyberpunk 2077 imeingizwa yote kwenye kadi yake ya GB 64, kwa hiyo mashine haibebi mzigo huo. Street Fighter 6 ni tofauti: kadi yake ni ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua na inakaa kwenye mashine. Mwandishi anayetaka kukusaidia angekueleza tofauti hiyo. Mwandishi wa listi anakuambia "lazima", anaweka kiungo.

Na kiungo hicho si sadaka. Tovuti nyingi zinapata kamisheni msomaji akinunua kupitia kiungo chao. Zenyewe zinakiri hivyo, kwa herufi ndogo, mahali ambapo jicho halikai. Sisemi kila anayelipwa ni mwongo. Nasema mtu anayekula kwa kila kitu unachonunua ana sababu chache sana za kukuambia usinunue.

Kiswahili kina neno zuri ambalo listi hizi zinalikwepa: vikorombwezo. Ukisema wali na vikorombwezo vyake, hata mtoto anajua kipi ni wali. Vikorombwezo vina raha yake, sivikatai. Lakini hakuna mpishi aliyewahi kumwambia mgeni kwamba vikorombwezo ni lazima na wali utakuja baadaye. Ukibadilisha jina la kitu kutoka kikorombwezo kuwa "kifaa cha lazima", umeibadilisha akili ya mnunuzi kabla hajagusa pochi.

Na historia inatuonyesha jinsi "lazima" ya leo inavyogeuka takataka ya kesho. Mwaka 1985 Nintendo walipoipeleka NES Marekani, waliiuza pamoja na roboti aliyeitwa R.O.B. Alitengenezewa gemu mbili tu, akaishia hapo. Mwaka 2013 Microsoft walitoa Xbox One kwa dola 499 pamoja na kamera ya Kinect, na mwanzoni walisema mashine haitafanya kazi bila kamera hiyo kuunganishwa. Kabla hata ya kuingia madukani walilegeza kauli. Juni 2014 wakaiuza mashine bila kamera kwa dola 399. Mwaka 2017 Kinect haikutengenezwa tena. Kitu kilichotangazwa kuwa hakitenganishwi kilitenganishwa ndani ya mwaka mmoja, na aliyekilipia hakurudishiwa kitu.

Lakini kuna uongo wa upande wa pili, na ndio unaoniudhi kuliko usukani. Wakati mwingine kinachoitwa kikorombwezo ni kiungo cha mashine kilichokatwa mwilini ili bei ya dirishani ionekane ndogo. Xbox 360 ya bei ya chini mwaka 2005, ile iliyoitwa Core, ilikuja bila diski kuu na bila kadi ya kuhifadhia. Unacheza jioni nzima, ukizima, mashine imesahau kila kitu. Mwaka 2015 New Nintendo 3DS XL iliuzwa Marekani bila chaja. Bila chaja! Na Novemba 2024 Sony walitoa PS5 Pro kwa dola 699.99 bila kisomeo cha diski. Ukikitaka wakati huo uliongeza dola 79.99.

Listi zikaweka kisomeo hicho pamoja na hedifoni na kava, kana kwamba ni mapambo. Hapa msomaji wa vitabu aamke. Diski unaweza kumwazima jirani. Unaweza kuiuza ukishaimaliza, ukanunua nyingine. Unaweza kuipata mtumba. Gemu ya kupakuliwa huazimi, huuzi, na unailipia mara mbili, dukani na kwenye bando. Fikiria kitabu ambacho ruhusa ya kumwazima mwenzio inauzwa kivyake. Tungepiga kelele mpaka sauti zikauke. Kwa mtu anayenunua gemu za mtumba, PS5 Pro ilipotoka haikuwa ya dola 699.99, ilikuwa ya dola 779.98, na mhakiki mwenye kazi yake angeandika namba hiyo kwenye mstari wa kwanza.

Kwa hiyo maswali ni mawili tu. La kwanza: mashine inaweza kufanya ninachoinunulia bila kitu hiki? Kama haiwezi, hicho si kikorombwezo. Kijumlishe kwenye bei ya mashine kisha uamue kama bado unaitaka. La pili, kama inaweza: gemu ipi, miongoni mwa zile ninazomiliki tayari, imekiomba? Zingatia: ninazomiliki. Si nitakazonunua, si nilizoona kwenye tangazo. Kama hakuna, subiri.

Maswali haya hayamnyimi mtu haki yake. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller, pedi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, yenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea swichi za kila namna. Desemba 2023 Sony wakatoa Access Controller kwa kusudi hilohilo. Kwa mtu ambaye vidole vyake havishiki pedi ya kawaida, swali la kwanza linajibiwa hapohapo: bila hicho, hachezi. Kwake ni mlango. Na ni jambo la kusikitisha kwamba kwenye listi nyingi za "vitu 10 vya lazima" mlango huo huuoni, lakini usukani wa plastiki upo.

Kwetu huku, wanaojibu maswali haya vizuri kuliko waandishi wa listi ni wenye vibanda vya gemu mitaani. Kibanda kina runinga, PlayStation, pedi mbili, benchi, na foleni ya watoto wanaosubiri zamu. Mwenye kibanda hanunui hedifoni wala taa za rangi. Ananunua pedi, kwa sababu pedi ndiyo inayochakaa na bila pedi ya pili hakuna mechi. Halafu anahakikisha umeme unaoingia ni salama. Amesoma gemu yake: mpira wa watu wawili unataka mikono minne. Hapo ndipo uhakiki ulipo, ingawa hakuna aliyeandika neno.

Tumia jicho hilo hilo. PS5 inakuja na pedi moja, kwa hiyo nyumba yenye ndugu wawili na gemu ya mpira ina sababu halali ya kununua ya pili. Switch 2 inakuja na Joy-Con mbili, na ukizilaza kila moja ni pedi; watu wawili wanacheza Mario Kart World bila kuongeza senti. Swali lilelile, majibu tofauti. Listi haiwezi kukupa hayo kwa sababu listi haikujui.

Na ukienda Kariakoo au Luthuli, jiandae na listi ya mdomo: "Bosi, chukua na hii, bila hii mashine itaungua." Kama ni Switch 2 kutoka Marekani na wanakushikia transfoma ya kushusha umeme, geuza adapta usome: imeandikwa 100–240V. Unachohitaji ni kichwa cha kuingilia soketi yetu ya matundu matatu. Hiyo pesa ya transfoma nunua stabilaiza nzuri ilinde na runinga pia. Stabilaiza haimo kwenye listi yoyote ya Marekani, na ndiyo ya kwanza kwenye yangu.

Najua pingamizi. "Ni pesa yangu na raha yangu." Sawa kabisa, nunua usukani, mfurahi na watoto. Raha haihitaji kibali changu. Ninachokataa ni kuuziwa raha kwa jina la lazima, maana anayenunua kwa raha hujua pa kuishia, anayenunua kwa lazima hajui. "Vitaadimika baadaye." Vingine ndiyo. Lakini protekta na kava hutengenezwa na kampuni chungu nzima, na memori kadi mara nyingi hushuka bei kadiri miaka inavyokwenda. "Listi inamsaidia mgeni." Ingemsaidia kama ingekuwa na safu moja zaidi: usinunue hiki kama huchezi kile. Nionyeshe listi yenye safu hiyo, nitaisambaza mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe uliyeagiza mashine au unayesubiri ndugu aje nayo kutoka Muscat: fungua boksi, nunua gemu moja unayoitaka kweli, icheze mwezi mzima. Weka daftari kando. Kila gemu inapokukwamisha kwa kukosa kitu, andika kitu hicho na jina la gemu iliyokiomba. Mwezi ukiisha, nunua vilivyoandikwa. Kama kuna nafasi katika blogu hii kwa maandishi kuhusu gemu, na naamini ipo, tuletee daftari hilo. Litakuwa na uhakiki ndani yake kuliko "vitu 10 vya lazima" vyote vilivyowahi kuandikwa.