Mgonjwa Asikimbizwe

Twasikia baadhi ya walimu wenzetu huwaamuru watoto wenye homa wakimbie pamoja na wengine, eti jasho litaitoa homa. Ukiwauliza, humtaja Kipchoge Keino. Ni kweli, mwaka 1968 huko Mexico City Keino aliugua nyongo, madaktari wakamkataza kukimbia, naye akashinda mbio za mita 1,500. Lakini mbona hawasimulii jinsi alivyoanguka kwa maumivu katika mita 10,000, siku chache kabla? Tena alikuwa mtu mzima, akajiamulia mwenyewe. Mtoto wa darasa la sita atathubutuje kumwambia mwalimu wake, "Siwezi"?

Homa si uvivu. Mwenye homa moyo wake humwenda mbio hata akiwa amelala. Umkimbizapo, waubebesha mzigo wa pili. Na virusi vya mafua makali huweza kuingia katika msuli wa moyo wenyewe, na moyo wa namna hiyo ukilazimishwa waweza kusimama ghafula. Kwetu sisi homa yaweza pia kuwa malaria, na malaria hupimwa zahanati, haipimwi uwanjani.

Hatusemi kila apigaye chafya alale. Mafua mepesi ya pua hayamzuii mtu kukimbia polepole. Bali mwenye homa au kikohozi cha kifuani na apumzike hata apone, kisha aanze kidogo kidogo. Siku chache za kupumzika hazifuti mazoezi ya miezi. Nao wanaohofia kukosa kikombe, na wamwandike mkimbiaji wa akiba.