Samadi Kwanza, Maziwa Baadaye

Mgeni afikaye Kolo, wilayani Kondoa, huelekezwa kwenye michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni nadra kuonyeshwa bustani za mboga zilizo nyuma ya nyumba, ingawa nazo zina historia yake.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa kuwa makorongo yalikuwa yamekwisha kuvipasua vilima vya Irangi. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256. Nyasi na miti vikarudi. Lakini ng'ombe alipoondoka aliondoka na samadi yake, hasara ambayo haikupewa uzito uliostahili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wakaanza kuruhusiwa, kwa sharti la kulishwa bandani.

Ng'ombe huyo husifiwa mno kwa maziwa. Hapo ndipo penye kosa. Udongo wa vilima hivyo una mchanga mwingi na mboji kidogo. Haushiki maji, na mvua kubwa huizamisha lishe kusikofikiwa na mizizi ya mchicha. Mbolea ya dukani hulisha mmea, lakini haijengi udongo. Mboji huunganisha chembe za mchanga, huhifadhi maji, na huwalisha vijidudu waachiliao lishe polepole.

Hata hivyo, samadi nyingi huachwa juani. Naitrojeni yake hutoroka hewani ikiwa amonia (ile harufu kali ya zizi ndiyo mali yenyewe inayopotea), na kinachosalia huchukuliwa na mvua. Mkojo, wenye naitrojeni na potasiamu kwa wingi, hunywewa na ardhi ya banda bure. Yafaa sakafu itandikwe majani makavu yaunyonye, kisha yote yatiwe shimoni penye kivuli, yafunikwe na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata yaive.

Kukata majani na kuyabeba kila siku ni kazi nzito. Mkulima asiyeona matunda yake bustanini ataliona sharti la banda kuwa adhabu, naye atatamani kuyarudisha makundi vilimani. Kwa hiyo afisa ugani amwelekezapo mfugaji kujenga banda, shimo la samadi na lichimbwe kabla nguzo hazijasimikwa.