Mchezo pia ni posho ya mtoto



Siku ya kupima watoto, mama mmoja aliniuliza: «Muganga, mtoto wangu ana miezi 14. Uzito unapanda, lakini hasemi, hachezi, anaangalia tu. Ana ugonjwa gani?» Nilimtuma kwanza lopitali wampime masikio, maana asiyesikia hawezi kujifunza kusema. Masikio yalikuwa mazima. Basi nikamwuliza: nyumbani nani anazungumza naye? Akacheka: «Mtoto mdogo vile, utamwambia nini?»

Wengi wetu tunasema kama yeye. Mtoto ashibe, alale, akili itakuja shuleni. Mimi ninasema hapana, shule ni kuchelewa.

Sikieni habari ya Kingston, mji mkuu wa Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, Bibi Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 wa familia maskini, wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa. Kundi la kwanza lilipewa maziwa. La pili lilitembelewa nyumbani saa moja kila juma, muda wa miaka miwili, na mama akafundishwa kucheza na kuzungumza na mtoto wake. La tatu lilipata yote mawili. La nne halikupata kitu. Waliotembelea hawakuwa madaktari, walikuwa wasaidizi wa afya wa mtaani. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mkono.

Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wengine kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo.

Sisemi tupunguze bukari, samaki na sombe. Mwenye njaa hachezi. Ninasema tumbo lina posho yake, na akili nayo ina yake.

Akina baba, ninawajua. Umetoka kazi ya usiku, umechoka, unataka kimya. Sikulaumu. Lakini oga kwanza, uvue nguo za kazi, maana vumbi la mgodi ni baya kwa mtoto anayetia kila kitu kinywani. Kisha mchukue robo saa tu kabla ya kulala. Mtajie vitu: kikombe, maji, kuku. Akitoa sauti, mjibu. Akikuonyesha kitu kwa kidole, kitazame naye. Kopo safi lisilo na makali na kijiti vinatosha kuwa ngoma. Vizibo na vitu vidogo viwe mbali, vinakaba koo. Na bidoni ya kazini isiingie nyumbani kabisa, hata ikioshwa.

Mimi pia nilikuwa na kosa. Nilipima, nikaandika, nikamwita mwingine. Mizani haionyeshi kama mtoto anazungumziwa. Sasa, kabla ya kuandika uzito, ninauliza: jana nani alicheza naye? Mara nyingi mama ananyamaza. Akina baba, siku ya kupima mje nanyi, mnijibu wenyewe.