Je, Damu Ituambie Tuache Kileo?

Ndugu vijana, katika nchi za mbali wapo wenzenu wanaotoa mate kidogo, yakapimwa maabara, kisha wakaelezwa hatari inayowakabili wakinywa pombe. Wataalamu hutumaini kwamba mtu akiijua siri ya mwili wake mwenyewe, atakiweka kikombe chini.

Tumaini hilo lina msingi. Mwili hugeuza kileo kuwa sumu, kisha huisafisha sumu hiyo. Watu wengi wenye asili ya China, Japani na Korea wamerithi jeni inayodhoofisha usafishaji huo: wakinywa, uso huwa mwekundu, moyo huenda mbio, wakizoea kunywa, hatari ya saratani ya umio huongezeka. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2010, vijana wenye asili ya Asia waliojulishwa kwamba wana jeni hiyo walipunguza unywaji wao katika mwezi uliofuata.

Mwezi mmoja, basi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilinganisha tafiti 18 kuhusu sigara, chakula, pombe na mengineyo, wakakuta kwamba kujulishwa hatari ya kurithi hubadilisha mwenendo kidogo sana, au hakuubadilishi kabisa.

Sisi hatukushangaa. Karibu nusu ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu katika hatari ya ulevi hutokana na urithi, lakini urithi huo umetawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Anayeambiwa kwamba hatari yake ni ndogo aweza kulisoma jibu hilo kama ruhusa. Anayeambiwa kwamba ni kubwa aweza kukata tamaa. Na neno la kukata tamaa twalisikia hata pasipo maabara, penye kasiksi na lutuku: «Babu alikunywa, baba alikunywa, mimi nifanyeje?»

Kijana asemaye hivyo amekwisha kupata majibu ya kipimo chake. Aliyapata nyumbani, tena kwa machozi. Hakosi habari. Anakosa mahali pa kukaa na wenziwe pasipo kushurutishwa kunywa. Hapo ndipo tunapojilaumu, kwa kuwa katika sherehe zetu wenyewe anayekataa chupa huchekwa, huulizwa kama ni mgonjwa, na mara nyingi soda ya kumpa haikununuliwa.