Tukipiga Nduru, Nani Ataitika?

Nishike mkono hapa kwenye kifundo. Kaza, usinionee huruma. Sasa tazama pale gumba lako linapokutana na vidole vinne: hapo ndipo penye mlango. Mwanamume aliyebeba magunia ya unga tangu ujana wake ana nguvu kunishinda kwa mbali, lakini gumba lake ni moja, nami nitalisukuma kwa mwili mzima. Nageuza kifundo upande wa gumba, nakunja kiwiko kama mtu anayepeleka tonge mdomoni, narudi nyuma hatua moja huku nikipiga nduru kutoka tumboni: niache! Mkono umetoka. Nakimbia.

Hilo ndilo somo la kwanza ninalofundisha kila nikipata wanawake wanne au watano wa kukusanyika nao uani. Leo nawaandikia watu wa Hagadera, wakimbizi na wenyeji wa Fafi, mlio kambini na mlio kwenye bulla, yaani vitongoji, za Garissa, niwaombe tulitoe uani tulifanye jambo la wote. Tufundishane kujikinga, bloku kwa bloku. Na wale wasioshikwa mikono, wanaume na wazee na wavulana, wafundishwe nusu ya pili ya somo ambayo ndiyo ngumu zaidi: kuitika.

Kwa nini sasa? Kwa sababu tumekuwa tukilindwa mahali, hatujalindwa sisi. Kambi zetu za wakimbizi zilipofunguliwa mwaka 1991 na 1992, akina mama waliotoka kwenye vita vya Somalia walikuta vita vingine vichakani. Mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu ubakaji wa wanawake wa Kisomali katika kambi za Kaskazini Mashariki. Wengi wa wahalifu walikuwa majambazi wenye bunduki, wale tunaowaita mashifta, na ripoti haikuwaacha nje askari wa serikali. Wafadhili na shirika la wakimbizi, UNHCR, wakaja na ua wa miiba kuzunguka makazi. Kuanzia mwaka 1998 ukaja mradi wa kugawa kuni, ili mama asilazimike kuingia porini.

Mradi ule ulipotathminiwa mwaka 2001, matokeo yake yalikuwa ya kutafakarisha. Katika vipindi ambavyo kila nyumba ilipata kuni zake, ubakaji wa njiani kwenye kuni ulipungua kwa asilimia 45. Katika vipindi hivyohivyo, ubakaji mahali pengine uliongezeka kwa kati ya asilimia 78 na 113. Nimezirudia tarakimu hizo mara nyingi. Mama alipobaki nyumbani, mshambuliaji alimfuata huko. Silaumu kuni wala miiba, kwa maana kuna wanawake walio hai leo kwa sababu siku fulani hawakuenda porini. Nasema tu kwamba ua unalinda pale ulipopandwa. Ujuzi hutembea na mwenyewe: kisimani, sokoni, chooni usiku, hata ndani ya nyumba ya jamaa. Na huko kwa jamaa ndiko tunakoona haya kukutaja, ilhali wasichana wengi huumizwa na mtu wanayemjua kwa jina.

Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa. Sihitaji kuwaeleza tumbo tupu humpeleka mama umbali gani kutafuta cha kuuza.

Mimi niliwahi kushikwa. Nilikuwa kidato cha tatu, nikitoka dukani baada ya Magharibi, na mkono ukanifunga mdomo kutoka nyuma. Sikupiga kelele. Sikupigana. Miguu ikawa kama si yangu. Taa za gari lililokata kona ndizo zilizomfukuza, na kwa miaka mingi baadaye nilijiuliza kwa nini sikufanya lolote, kana kwamba kutofanya lolote ndiko kulikokuwa kosa. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba kuganda ni jambo la mwili, kama kupepesa jicho, na kwamba huwapata hata askari. Mwili ulioshtuka haufikiri, unarudia ulichozoea. Usipozoea chochote, hauna cha kurudia. Ndiyo maana nakuomba umshike binti yako mkono leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka kujitoa kuwe kama kufunga hijabu.

Kwamba jambo hili linafaa, tuna ushahidi wa hapahapa Kenya. Katika mitaa duni ya Nairobi wasichana wa sekondari walifundishwa kujikinga kwa vipindi sita vya saa mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 katika jarida la Journal of Adolescent Health. Kabla ya mafunzo, wasichana 24.6 katika kila mia walikuwa wameshambuliwa kingono katika mwaka mmoja. Baada ya mafunzo idadi ilishuka hadi 9.2. Kundi ambalo halikupata mafunzo hayo halikubadilika. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wameshautumia ujuzi huo kuzuia shambulio. Saa kumi na mbili tu! Tunatumia muda zaidi ya huo kusubiri kwenye foleni ya mgao. Na katika mtaa wa Korogocho, hukohuko Nairobi, nyanya wenye mvi wanafanya mazoezi ya kupiga ngumi kwenye mto, kwa sababu wabakaji waliwaona kuwa windo rahisi.

Lakini tusichukue somo la Nairobi tukalimwaga hapa kama lilivyo. Kujikinga tunakojifunza ni kwa mwili wa Hagadera na nguo za Hagadera. Mchanga wetu humeza mguu, kwa hiyo teke la juu la kwenye filamu litakuangusha wewe mwenyewe. Msichana hafanyi mazoezi kwa suruali ya michezo halafu ashambuliwe akiwa na dira na jilbabu. Afanye mazoezi na nguo zake. Ajue kwamba akivutwa hijabu kutoka nyuma asivutane, maana kuvutana hukaza koo: ainamishe kidevu, ageuke amwelekee yule mtu, aingie karibu, apige. Ajue kuikusanya dira kwa mkono mmoja kabla ya kukimbia. Ajue kuvua kandambili kwa hatua moja. Pa kupiga ni pachache, napo panauma kwa tajiri na maskini: macho, pua, koo, kinena, goti. Vya kupigia ni sehemu ngumu za mwili wako: kiwiko, goti, chini ya kiganja, paji la uso. Ngumi iliyokunjwa vibaya huvunja vidole vyako mwenyewe.

Kabla ya hayo yote kuna sauti. Wasichana wetu tumewalea wanong'one. Kipindi kizima cha kwanza, niamini, hupita tukijaribu tu kusema "hapana" bila kucheka na bila kutazama chini. Nimeona mama wa watoto sita akilia kwa sababu hakuwa amewahi kusikia sauti yake mwenyewe ikiwa kubwa.

Kuna jambo ambalo mwalimu yeyote mkweli lazima aliseme: hakuna kiwiko cha kushinda bunduki. Mtu mwenye AK-47 akitaka simu, mpe simu. Akitaka punda na mkokoteni, mpe. Lengo letu ni kufika nyumbani. Aliyeshikiwa bunduki akabakwa hakushindwa mtihani wowote, na mwalimu atakayemwambia binti kwamba mafunzo yangemwokoa kila mahali anamtwika lawama ambayo si yake.

Wala tusifanye mazoezi ya kushtukiza. Tunakumbuka Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye mlipuko wa umeme katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi wadhani wamevamiwa, wakaruka madirishani, mmoja akafa na zaidi ya mia wakajeruhiwa. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliigiza shambulio kwa risasi za uongo bila watu wengi kujua, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Hofu inaua. Mazoezi yetu yatangazwe msikitini na shuleni, kila mtu ajue siku na saa, na anayetaka kukaa pembeni aruhusiwe kukaa pembeni.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kuhusu dini. Masheikh wangu, nawauliza kwa heshima: nani alisimama mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Uhud, wakati wengi wametawanyika? Nusaiba bint Kaab, Ummu Umara, mwanamke mwenye upanga, na alirudi na majeraha. Wanawake watajifunza ndani ya ua, kwa walimu wanawake. Wavulana watajifunza kwao. Nawaomba mlisemee jambo hili Ijumaa moja tu kwenye khutba, kwa sababu neno lenu litafungua milango ambayo mimi siwezi kuifungua.

Sasa nifike kwenye kuitika.

Tunamfundisha msichana apige nduru. Akishapiga, nani atatoka? Na akishafika nyumbani amechaniwa nguo, ataambiwa nini? Hapo ndipo tunapomwangusha. Mara nyingi kinachofuata ni maslaha. Wazee wa pande mbili wanaketi chini ya mti, chai inaletwa, ngamia wanahesabiwa au pesa, na jambo linafungwa ili koo zisigombane. Naiheshimu maslaha. Imezuia damu nyingi kwenye malisho na visima, na serikali ilipokuwa mbali nasi wazee ndio waliokuwa karibu. Lakini nilishuhudia, katika kijiji ambacho sitakitaja, msichana wa miaka 13 akikaa nyuma ya nyumba akisikiliza bei yake ikipunguzwa kutoka ngamia watano hadi watatu. Hakuna aliyemwita. Aliyemuumiza aliendelea kupita mlangoni kwao kila asubuhi na mbuzi wake. Mwambie msichana yule apige nduru mara ya pili uone kama atapiga.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 iko wazi: kesi ya namna hii ikishafikishwa polisi, si mzee, si baba, wala si askari wa kituo aliye na mamlaka ya kuifuta. Uamuzi huo ni wa ofisi ya mashtaka ya umma. Kwa hiyo nawaomba wazee wa Hagadera na wa Fafi wasimame hadharani, mbele ya baraza, waseme kwa vinywa vyao kwamba malisho wataketi, visima wataketi, ndoa wataketi, ila kwenye ubakaji na unajisi hawataketi.

Na kila nyumba ijue la kufanya usiku ule. Mwathiriwa asioge. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ushahidi huharibika. Afikishwe hospitali upesi, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nambari ya bure ya kuomba msaada ni 1195. Iandikeni kwa makaa ukutani kama hamna kalamu.

Kuitika kwenyewe kuna taratibu. Kila bloku ikubaliane ishara moja, tuseme filimbi mara tatu, na ikisikika kila mlango unafunguka na kila tochi inawaka, watu wanatoka kwa pamoja. Vikundi vya amani na ulinzi vya jamii vitangulie, lakini visiwe peke yao. Anayekamatwa asipigwe, asichomwe, akabidhiwe. Sheria inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari, na hatari ikiisha ruhusa nayo imeisha. Kundi likimuua mtu kwa mawe limemnyima msichana siku yake mahakamani. Wanaokwenda kuni waende kwa kundi, waache idadi yao kwa mtu mmoja anayebaki, na jua likizama kabla hawajarudi mtu huyo apige filimbi.

Kama mtu anadhani watu wa kwetu hawawezi kusimama pamoja hivyo, akumbuke Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposimamishwa na wanamgambo wa al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliambiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake walikuwa wameshawafunika wenzao kwa hijabu zao wenyewe. Mmoja wa abiria hao Waislamu, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari iliyofuata. Watu wa basi lile hawakuwa na silaha hata moja, na bunduki ilikuwa usoni mwao. Walikuwa majirani wa kiti kwa kiti, waliokutana safarini tu. Sisi tumekaa bloku moja zaidi ya miaka thelathini.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Watazungumza mengi kuhusu barabara na leseni za biashara, nayo ni mazuri. Tuhakikishe usalama wa mwili wa mwanamke uko mezani tangu siku ya kwanza, na kwamba shule na madrasa zinatenga nusu saa kwa wiki kwa somo hili.

Tusiwasubiri. Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa uani kwangu. Njoo na dira unayovaa kila siku na kandambili zako. Ukiwa baba, kaa nje ya ua na mwanao wa kiume. Nduru ya kwanza itapigwa na msichana wa gredi ya saba. Mkiisikia, itikeni.