Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuhusu "ya kutolea"

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu kauli ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya ameshaizoea: "Weka na ya kutolea."

Bei ya kitenge ni shilingi 20,000. Mteja hana keshi, anataka kulipa kwa simu. Muuzaji anamtajia namba yake binafsi, kisha anamtaka aongeze gharama ya kutoa kwa wakala. Hapo mteja anabeba makato mawili: kampuni ya simu inamkata ada ya kutuma, naye anamlipia muuzaji ada ya kutoa. Na nani anajua kama pesa hiyo itatolewa kweli? Jioni hiyohiyo muuzaji anaweza kumlipa msambazaji wa soda kwa simu, akanunua umeme wa LUKU, akamtumia mama yake kijijini, asikanyage kwa wakala. Ya kutolea imebaki kwake. Risiti ya mashine ya kodi (EFD), ikiwa imetolewa, inasoma 20,000.

Siwatupii wenye maduka lawama zote. Anayefuata mzigo Kariakoo hukutana na wauza jumla wanaotaka taslimu, na faida ya kilo ya sukari haistahimili makato. Ada za kutoa zimepangwa kwa madaraja, hivyo kiasi kikiwa kidogo, sehemu inayoliwa na makato huwa kubwa. Mwenye genge anaumia kuliko muuza friji. Lakini pango na umeme pia ni gharama, na tumezoea kuzikuta ndani ya bei. Gharama ya malipo nayo ikae humo, mteja aione kabla hajaamua kununua.

Upo upande mwingine unaonikera zaidi: duka linapomtolea mteja taslimu. Mahali ambapo benki iko mbali na wakala ni mmoja, mwenye kaunta akidai nyongeza juu ya ada iliyobandikwa ukutani, mteja atakwenda wapi? Atalipa, kwa sababu nauli ya kwenda mjini ni kubwa kuliko nyongeza hiyo. Wakala tayari analipwa kamisheni na kampuni ya simu kwa kazi hiyo.

Marekani, mnunuzi anaweza kulipa kwa kadi na kuomba apewe taslimu palepale kwenye kaunta. Agosti 2024 taasisi ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilitoa ripoti kuhusu ada za huduma hiyo. Kati ya kampuni nane kubwa za rejareja ilizozichunguza, tatu zilikuwa zikitoza: Dollar General, Dollar Tree na Kroger. Ada hizo kwa pamoja zilizidi dola milioni 90 kwa mwaka. Walmart na Target hazikutoza. Maduka ya Dollar General yametapakaa katika miji midogo na vijijini, kwa watu wa kipato cha chini, ambako matawi ya benki ni haba. Kwa hiyo mzigo uliwaangukia wasio na pa kukimbilia, sawasawa na huku kwetu. Tofauti ni kwamba kule chombo cha umma kilichunguza, kikahesabu, kikataja majina.

Ofisi yako haikosi nguvu. Inasimamia Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Mmejenga mfumo wa TIPS ili pesa ivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine papo hapo, mkaleta TANQR ili mfanyabiashara apokee malipo bila kutumia namba yake binafsi. Kazi hiyo kubwa inapotea bure kama kwenye kaunta mteja bado anatajiwa namba binafsi na kudaiwa ya kutolea.

Naomba waraka mfupi, kwa Kiswahili, utakaobandikwa kwenye kila duka na kwa kila wakala: bei inayotajwa ndiyo inayolipwa, kwa keshi au kwa simu, na anayemtolea mteja taslimu asidai zaidi ya ada iliyotangazwa. Muziite pia kampuni za simu mjadili ada ya kutoa kwa mfanyabiashara mdogo, maana bila hiyo waraka utamwonea. Kisha watumeni watu wenu Buguruni, Kahama na Tunduma, wanunue kama wateja wa kawaida, na matokeo myatangaze hadharani.

Wako,
Mnunuzi wa rejareja, Dar es Salaam