Baiskeli Ileile, Njia Ileile: Mgeni ni Mtalii, Mwenyeji ni Jangili



Mwezi wa nane nilikuwa njia panda ya Ipole nasubiri gari la kwenda Tabora mjini. Wakatokea Wazungu wawili, mwanamke na mwanaume, kwenye baiskeli zenye matairi manene, mifuko imefungwa kila mahali mpaka kwenye usukani. Walitoka Mbeya, wakapita Chunya na Rungwa. Vumbi mpaka kwenye kope. Tukawapa pole, tukawaambia kwa ukarimu wetu: sasa mmefika lami, mpaka mjini mtateleza tu. Yule mama, kwa Kiswahili chake cha kuombea maji, akauliza kama hakuna njia nyingine, ya vumbi, inayopita porini.

Yaani hawataki lami! Kijana wa bodaboda aliyekuwa pembeni yangu akasema, "Hawa wamekosa shida kwao, wamekuja kuazima zetu."

Tulicheka sana. Lakini nimekaa na lile swali mpaka leo, na nataka tulijadili hapa, maana naona vijana wetu wengi wanadhani utalii wa baiskeli ni anasa isiyotuhusu.

Huko duniani hii ni biashara kubwa. Kule Italia, mkoa wa Toscana, katika vilima vya mizabibu vya Chianti, kuna tamasha linaitwa L'Eroica. Lilianza mwaka 1997 na watu 92 tu, katika kamji kadogo ka Gaiole. Sababu yake ndiyo iliyonishangaza: waanzilishi walitaka kuziokoa barabara zao nyeupe za changarawe zisifunikwe lami zote. Leo maelfu wanakwenda na baiskeli za kizamani, wanakula vumbi, na kwenye vituo vya njiani wanapewa mkate, supu na glasi ya divai. Mwaka 2007 yakazaliwa na mashindano ya wanaolipwa kwenye barabara hizohizo, yanaishia mjini Siena.

Usiseme hayo ni ya Ulaya tu. Majirani zetu Kenya tangu 2021 wana mbio za changarawe za siku nne upande wa Maasai Mara, na mmoja wa vinara wake alikuwa Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Rwanda ndiyo usiseme: Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Sisi tuna msafara wa Twende Butiama wa kumuenzi Mwalimu, jambo jema, lakini baada ya hapo?

Nchi ya divai tunayo. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Makutupora, Hombolo, Mpunguzi, Chinangali. Barabara za vumbi kati ya vijiji hivyo zipo tele. Badala yake kila msimu tunasikia wakulima wakilia soko. Mtu angeweza kutoka shamba hadi shamba kwa baiskeli, akalala kwa mkulima, akalipa chakula na chupa palepale. Haihitaji bajeti ya ndege.

Na divai yetu sisi wa Sikonge ni asali. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mzee wa Ipole anayekwenda kwenye mizinga anaondoka na baiskeli ya kichina, keria imeongezwa kwa nondo, pampu imefungwa kwa mpira wa tyubu, unga, chumvi, moto wa kufukiza. Anakaa porini wiki kadhaa. Anajua mti gani umetoa maua na maji yako wapi mwezi wa tisa. Akirudi, madumu mawili ubavuni na ndoo juu ya keria, kwenye mchanga anashuka na kusukuma. Huyo hajasikia habari za baiskeli za changarawe, na amekuwa akiziendesha miaka arobaini. Mnyamwezi amebeba mizigo ya watu kwa mguu kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, vizazi na vizazi. Miembe ya Tabora iliota na misafara ile. Faida ya pembe ilikwenda Unguja na ng'ambo, mpagazi akarudi na vipande vya kitambaa.

Baba yangu mdogo ni mmoja wa wazee hao wa asali. Miaka michache iliyopita alisimamishwa na askari kwenye kizuizi kimoja cha hifadhi, sitakitaja. Kibali chake kilikuwa kimepitwa na siku tisa. Siku tisa! Alikuwa porini, angekihuisha wapi? Baiskeli ikabaki, asali ikabaki. Alipoipata baiskeli baada ya kulipa, keria haikuwepo. Kuhusu asali hakuuliza, na mimi namwelewa.

Sasa fikiria: wale wageni wawili wangepita njia ileile, kwenye kizuizi kilekile, wangepigwa picha na kuandikiwa risiti ya utalii. Kinachotofautisha mtalii na jangili si baiskeli, wala si njia. Ni nani anatambuliwa kuwa ana haki ya kuwa pale.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaosema tupinge miradi ya namna hii. Wala sikubaliani na wale wa kijani ambao kila fursa kwao ni semina na fulana. Mwaka 2019 Ugalla ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwenye hifadhi ya taifa mtalii anaruhusiwa, mrina asali hapana. Kwa hiyo utalii ukija bila sisi kusimama, utakuja kama ulivyokuja kule: kwa kutuondoa sisi kwanza.

Na tusidanganywe na mapenzi ya vumbi. Lami ya Tabora hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 340, ilizinduliwa 2022, na hilo tuwape haki yao. Lakini Ipole hadi Rungwa, kilomita 172, mgonjwa akizidiwa masika anajua mwenyewe. Wale wa Chianti waliokoa changarawe yao wakiwa tayari na njia ya kumfikisha mzazi hospitali. Akitokea mwanasiasa wa kutuambia vumbi letu ni kivutio, aanze yeye kusafiri nalo na mke mjamzito. Lami iwekwe kwenye barabara kuu, njia za msituni za mizinga zibaki kama zilivyo. Hizo ndizo zile alizouliza yule mama.

Ninachopendekeza ni kidogo. Njia za baiskeli ndani ya eneo la hifadhi ya jamii ya Ipole zichorwe na warina asali wenyewe, waongoze wao, walipwe wao, na mgeni anunue asali mzingani. Msimu uwe kiangazi. Ndorobo watawauma, hilo tuwaambie mapema, na wasivae nguo za bluu. Kibali cha mrina kisimfie porini. Mapato ya hifadhi yasomwe mbele ya watu.

Hili la mwisho halisubiri uchaguzi. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, kwa mujibu wa sheria, na kila mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mara ya mwisho nilihesabu vijana kumi na wawili tu, wengine walikuwa kijiweni hatua hamsini kutoka pale wakibishana mpira. Niliposimama kuuliza mapato ya mwaka jana, mwenyekiti akaniambia taarifa itasomwa mkutano ujao. Nimeandika tarehe. Baba mdogo amesema atakuja pia, na baiskeli.